Kujenga Msitu wa Amani Ukutani na Watoto 40: Mwongozo Kamili

Kila muhula napokea picha zilezile kutoka kwa walimu na wazazi wa vikundi vya likizo. Wameambiwa wawafundishe watoto habari za msitu wa mvua kwa kuchora pamoja, na kazi imeishia hivi: nyasi chini, miti mitatu iliyosimama kama pipi za kijiti, twiga, simba na jua la miale pembeni. Ukiuliza nani alichora, utaambiwa ni watoto watatu wenye mkono mzuri. Wengine 37 walikuwa nyuma wanasukumana.

Kosa ni la mpangilio, watoto hawana lao. Waliambiwa "choreni msitu" kabla hawajapewa msitu wa kufikiria, kisha wakaelekezwa wote kwenye karatasi moja. Mwongozo huu unageuza mambo hayo mawili. Kila mtoto anatengeneza vipande vyake mezani, na hakuna kiumbe kinachopanda ukutani kabla mwenyewe hajaeleza kinaishi wapi na kinakula nini.

Msitu wetu ni wa Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Nimeuchagua kwa sababu nafundisha Tanga, na maji ya bomba wanayokunywa watoto wangu yanatoka kwenye milima hiyo. Kazi inafaa darasa la tatu hadi la sita. Tenga vipindi sita vya dakika 40 ndani ya wiki mbili. Usijaribu kuimaliza siku moja, gundi haikauki kwa kuhimizwa.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya watoto 40.

- Manila nyeupe 12 za ukubwa wa sentimita 59 kwa 84 hivi, kwa ajili ya ukuta
- Manila 6 nyingine za kukatia viumbe
- Karatasi za kaki kwa ajili ya magogo. Mifuko ya saruji ya karatasi inafaa sana (soma onyo hapa chini)
- Karatasi zilizoandikwa upande mmoja, lundo zima, za kukatia majani
- Unga wa ngano vikombe 2, chumvi vijiko 2
- Rangi ya maji ya kijani, kopo 1, na ya buluu, kopo 1
- Mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochekechwa, manjano ya jikoni
- Krayoni, mishumaa 2, penseli
- Mikasi 10 yenye ncha butu
- Kamba za katani au katani yenyewe
- Khanga 4, punje 100 za mahindi, sinia
- Pini za kubania, solotepu, futi kamba
- Chupa 2 za maji za lita 1.5, kopo lililotobolewa matundu chini

Onyo la mifuko ya saruji: vumbi lake linaunguza macho na ngozi. Mtu mzima aikung'ute nje, amefunga pua na mdomo, atupe tabaka la ndani lililogusa saruji na abaki na yale ya juu. Mtoto asiguse mfuko ambao haujasafishwa. Kama huna uhakika, tumia maboksi ya dukani.

Rangi ya kijani inunue. Rangi ya kuponda majani inapendeza siku ya kwanza, siku ya nne imegeuka kahawia. Kopo moja linatoa kijani cha aina tatu: kilichochanganywa na mkaa ni cha giza, kilichochanganywa na manjano ni cha juani, na chenyewe kilivyo ni cha katikati. Hizo tatu zinatosha msitu mzima.

## Hatua ya 1: Gundi na ukuta (siku moja kabla, bila watoto)

Koroga kikombe 1 cha unga na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabuje yaishe. Chemsha vikombe 4 vya maji, mimina mchanganyiko huku unakoroga, acha utokote dakika tatu hadi tano. Tia kijiko cha chumvi. Gundi iliyoiva inang'aa kidogo, na ukinyanyua mwiko inavutika. Ikibaki nyeupe kama maziwa haijaiva, na vipande vitadondoka usiku. Sufuria hii ni ya vipindi vya mwanzo. Vikombe vya pili vya unga na chumvi viweke akiba, kwa sababu gundi inaanza kunuka baada ya siku mbili.

Sasa laza manila 12 sakafuni zikiwa zimesimama wima, nne kwa upana na tatu kwa kimo, kila moja ikipanda juu ya mwenzake sentimita 3. Bandika, kisha upande wa nyuma ongeza vipande vya kaki kwenye maungio. Utapata karatasi yenye upana wa mita 2.3 hivi na kimo cha karibu mita 2.5. Itundike kuanzia chini kabisa karibu na sakafu, maana watoto wafupi ndio wengi.

Kwa nini kimo hicho? Kwa sababu ya kipimo tutakachotumia: sentimita 5 ukutani ni mita 1 msituni. Mti wa mita 40 unakuwa mita 2 kamili. Chora mistari miepesi ya penseli kwenye sentimita 10, 75 na 175 kutoka chini. Chini ya mstari wa kwanza ni sakafu ya msitu. Kutoka hapo hadi wa pili ni tabaka la chini la vichaka na miti michanga, hadi wa tatu ni mwavuli, yaani matawi ya miti mikubwa yanayokutana na kufunika msitu, na juu yake ni miti iliyochomoza. Msitu halisi hauna mistari, lakini mwalimu anaihitaji.

## Hatua ya 2: Khanga nne na punje mia

Hatua hii wengi wanairuka wakidhani ni mchezo. Ukiiruka, utapata tena pipi za kijiti.

Toka nje jua likiwa kali, saa tano au saa sita. Keti na watoto wachache chini, wape kitabu wasome, na wanne washike pembe za khanga juu ya vichwa vyao. Khanga moja: wanasoma, wanacheka, nyuso zimekuwa na rangi ya khanga. Ongeza ya pili. Ya tatu, wanaanza kusogeza kitabu karibu na macho. Ya nne, mmoja atasema, "Mwalimu, kumeingia jioni." Zungusha makundi mpaka kila mtoto ameketi chini ya khanga nne.

Rudini darasani na sinia la mahindi. Punje 100 ni mwanga wa jua unaoufikia msitu. Panga watoto ngazi nne: wachache wasimame juu ya madawati (mshikilie), wengine wasimame sakafuni, wengine waketi kwenye viti, wa mwisho waketi chini. Sinia lianzie juu. Wa juu wachote watakacho, wanaofuata wachote kilichobaki, mpaka ufike chini. Simamia ili wa mwisho wakute punje 2 tu, kwa sababu katika msitu mnene wa mvua mwanga unaofika sakafuni ni kama asilimia 2.

Kelele za wale wa chini ndizo somo. Waulize sasa: ungekuwa mche mdogo hapo chini, ungefanyaje? Majibu huja yenyewe. Ningerefuka haraka. Ningepanda mgongoni kwa mwenzangu. Ningekuwa na majani makubwa. Ningesubiri mmoja wa juu aanguke. Hizo ndizo njia ambazo mimea ya msituni inatumia kweli, na watoto wamezitaja bila kuandikiwa neno ubaoni.

Ukiona watoto wanaanza kusema "sisi wa sakafuni" na "nyinyi wa juu", endelea na hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Makundi kwa tabaka, si kwa urafiki

Gawa makundi matano ya watoto wanane: Sakafu, Tabaka la Chini, Mwavuli, Miti Iliyochomoza, na Maji. Wachoraji hodari watawanye, mmoja mmoja kila kundi, na uwaambie mapema kwamba hawaruhusiwi kuchorea mwenzao. Wanaruhusiwa kumwonyesha kwenye karatasi nyingine.

Kila mtoto akate umbo lake mwenyewe la kusimama, lenye kimo cha sentimita 6. Hicho ndicho kimo cha mtoto wa mita 1.2 kwa kipimo chetu. Watashangaa udogo wake. Ayaweke kwenye bahasha, tutayahitaji.

Mtoto wa pwani anaujua mnazi vizuri kuliko mti wowote, kwa hiyo muulize mnazi mrefu wa mita 20 utafika wapi ukutani. Utafika mita 1 tu, nusu ya kimo cha mti mkubwa wa Amani. Nimeona watoto wakienda dirishani kuuangalia mnazi wa jirani, halafu wakirudi kuangalia alama ya mita 2 ukutani, bila kusema kitu.

## Hatua ya 4: Magogo kwanza

Magogo yatangulie kila kitu. Majani yakitangulia, miti itaninginia hewani na hakuna atakayejua shina liko wapi.

Kunja na kufinya karatasi ya kaki, ikunjue, halafu paka udongo mwekundu uliochanganywa na gundi na mkaa kidogo. Mikunjo inakuwa gome bila mtu kuchora gome. Kata magogo manne au matano: mawili ya kufika mita 2, mengine ya kufika mita 1.5. Yawe membamba. Shina lenye unene wa mita 1 msituni ni sentimita 5 tu hapa. Watoto watataka kulifanya nene kama mbuyu, na mbuyu hauko kwenye msitu huu.

Chini ya miti mikubwa ongeza mizizi bapa, ile inayosimama kama mbao zilizoegemezwa kwenye shina. Kata pembetatu za kaki, zikunje zitokeze nje ya ukuta. Muulize mtoto kwa nini mti mkubwa hivyo unahitaji egemeo. Udongo wa misitu hii rutuba yake iko juujuu, ndiyo maana mizizi mingi inatanda badala ya kwenda chini sana.

Mti mmoja usiubandike kwa gundi. Uubane kwa pini peke yake, pamoja na kila kitakachowekwa juu yake. Usiwaambie watoto sababu.

Sasa fungueni bahasha. Kila mtoto asimamishe umbo lake la sentimita 6 chini ya mti. Mkimaliza, rudini nyuma hatua kumi mtazame. Kama darasa limenyamaza hata kwa nukta chache, kipimo kimefanya kazi yake.

## Hatua ya 5: Majani mia nne

Kila mtoto majani kumi. Tembeeni uwanjani mkaokote majani yaliyoanguka, ya mwembe, mkungu, mpera, chochote. Laza jani chini ya karatasi, mishipa ikitazama juu, sugua kwa krayoni iliyolala ubavu. Mishipa inajitokeza yenyewe, na hata mtoto anayesema "mimi sijui kuchora" anapata jani zuri. Kisha akate, akifuata umbo.

Tahadhari za uwanjani: wasivunje matawi mabichi. Waonyeshe upupu ulivyo kabla hawajaingia vichakani. Mnyaa wauache kabisa, utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Na angalia siafu kabla ya kuwaketisha popote.

Majani ya vikundi vya chini yapakwe kijani cha giza na yawe mapana. Ya juu yawe madogo na ya kijani cha manjano. Ukiulizwa kwa nini, rudi kwenye punje za mahindi: aliyepewa punje mbili anahitaji sinia kubwa la kuzikingia.

Majani mengi ya msitu wa mvua yana ncha ndefu iliyochongoka. Waambie wakate ncha hiyo, halafu fanya jaribio dogo. Sugua jani la manila kwa mshumaa pande zote, lishike limeinama, dondoshea maji kwa kijiko. Maji yanakimbilia nchani na kuanguka. Kata ncha, rudia, maji yanasitasita ukingoni. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, yaani maji ya kufika kimo cha mlango wa darasa kama yangesimama bila kwenda popote. Jani lisilomwaga maji linaota kuvu.

Bandikeni kuanzia juu kushuka chini, na lisibandikwe jani zima. Tia gundi kwenye kikonyo tu, ncha ibaki huru. Ukuta utapata kina, na upepo wa dirishani utautikisa msitu.

## Hatua ya 6: Viumbe, na maswali matatu

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Vipindi viwili, hata vitatu.

Weka meza karibu na ukuta, wewe keti na gundi. Mtoto akileta kiumbe, anajibu maswali matatu: Anakaa wapi? Anakula nini? Nani anamhitaji? Asipojibu anarudi kundini kuuliza wenzake au kusoma kadi. Gundi haitoki bila majibu. Mwanzoni utajiona mkali. Baada ya dakika ishirini watakuwa wanaulizana wenyewe kwenye foleni.

Kadi ziandike wewe mapema, sentensi mbili tatu kila moja, na ziwe na kitu kimoja cha kuchora kwa uangalifu. Hizi ndizo ninazozitumia:

Mbega. Anakaa juu kwenye mwavuli, chakula chake kikubwa ni majani. Mweusi, mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Kidole gumba hana cha maana, kimebaki kinundu. Mtoto wake huzaliwa mweupe. Watoto wote huchora vidole vitano. Mrudishe.

Hondohondo. Ndege mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa tope mpaka ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha matunda kupitia ufa huo kwa wiki nyingi. Tundu hilo linapatikana kwenye mti mkubwa na mzee. Mbegu za matunda anayokula huziangusha mbali. Na hajali asili ya mti: hata mti mgeni ulioletwa Amani, Maesopsis eminii, umesambaa ndani ya msitu kwa msaada wake. Darasa la sita hulipenda hili, kwa sababu mtu mwema ndiye anayesababisha tatizo.

Kinyonga wa pembe tatu. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Vidole vyake vimeshikana mafungu mawili, viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine, kama koleo.

Panya buku. Anakaa sakafuni, anatoka usiku. Anachukua mbegu za mti wa msambu na kuzifukia. Nyingine anazisahau, zinaota. Wanavijiji wa huko pia huziokota mbegu hizo, zina mafuta.

Kipepeo. Kiwavi wa kila aina ana mimea yake anayoila. Kuanzia 2003 wanavijiji jirani na msitu walianza kufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, na jambo la kwanza walilohitaji ni kupanda mimea ya kulisha viwavi.

Ua la zambarau la Usambara. Linaota kivulini kwenye miamba yenye unyevu. Ulaya linauzwa kwenye vyungu kama pambo la dirishani, na Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara. Majani yake yana manyoya mafupi, yachoreni.

Ongeza kima, komba, jongoo, konokono, siafu, chura, uyoga, kangaga. Kundi la Sakafu lisijione limepewa takataka: bila uyoga na wadudu wa kuozesha majani, miti mirefu haina chakula.

Tatizo moja la kipimo: mbega kwa kipimo chetu ni sentimita 3, kinyonga ni mdogo mno kuchoreka. Kwa hiyo viumbe chora kwenye miduara yenye upana wa sahani ndogo, kama umewatazama kwa kioo cha kukuzia, na uzi wa katani utoke kwenye duara hadi mahali hasa anapoishi. Waeleze watoto wazi kwamba miti ina kipimo, miduara haina. Wasipoambiwa wataondoka wakiamini konokono ni mkubwa kama nyani.

Na simba? Atakuja tu. Mwaka jana mvulana mmoja alileta simba mzuri kweli, manyoya ya shingoni ameyachora unywele mmoja mmoja.

"Anakula nini?"

"Pundamilia."

"Pundamilia anakula nini?"

"Nyasi, Mwalimu."

"Haya, nionyeshe nyasi."

Akaiangalia sakafu yetu ya msitu, giza tupu, majani makavu na uyoga. Akakaa kimya. Kisha akaomba gundi, akaenda kumbandika simba wake nje ya mlango wa darasa. "Huyu anakaa kwao," akasema. Usimcheke wala usimnyang'anye mtoto simba wake. Akimtoa mwenyewe, hatamrudisha tena.

Usichapishe picha za kunakili kutoka mtandaoni bila kuzikagua. Nyingi zinaonyesha kasuku wekundu na tukani wa Amazoni. Ukiwa Ituri, andika kadi ya okapi, ukiwa Kakamega tafuta wa Kakamega. Kadi hizi zisihame msitu.

Kazi imefaulu kama mtoto akisimamishwa na mgeni anaweza kueleza duara la mwenzake, si lake peke yake.

## Hatua ya 7: Kamba za msituni

Hii ni fupi. Sokota katani, ichovye kwenye rangi ya kijani cha giza, ining'inize kutoka mwavuli hadi sakafu. Mimea hii ndiyo ile "ningepanda mgongoni kwa mwenzangu". Juu ya matawi ya kaki bandika vishada vya kangaga, vile vinavyoota juu ya mti bila kugusa ardhi. Kamba zisiwe na kitanzi. Zile zinazofika kimo cha shingo ya mtoto zibanwe ncha zote mbili.

## Hatua ya 8: Mto hadi bombani

Kundi la Maji limesubiri sana, sasa ni zamu yao. Kata chupa mbili ubavuni, zilaze, jaza udongo uleule. Moja iache tupu, nyingine ifunike kwa majani makavu. Ziinamishe kidogo, weka kikombe kwenye kila mdomo, na nyunyizia maji sawasawa kwa kopo lenye matundu. Kikombe cha udongo mtupu kitajaa tope. Cha pili maji yatatoka polepole na yakiwa masafi zaidi. Viache vikombe dirishani wiki nzima.

Kisha waendeshe mto wa kaki uliopakwa buluu, kutoka mizizini hadi chini ya karatasi, utambae juu ya ukuta wa darasa. Huo ni Zigi, unaotoka Usambara Mashariki. Mbele yake bwawa la Mabayani, mbele zaidi mji wa Tanga, mwisho bomba. Sisi tuliufikisha mto hadi karibu na ndoo halisi ya maji ya kunywa ya darasa. Kama hufundishi Tanga, ulizia kwanza maji ya mji wako yanatoka mlima gani, ndipo uchore.

## Hatua ya 9: Toa mti mmoja

Subiri siku mbili tatu watoto wauzoee msitu. Kisha, wakiwa wameketi, chomoa pini za ule mti uliouacha bila gundi, uulaze sakafuni. Usiuchane. Ni kazi yao.

Uliza swali moja: nani amepoteza nyumba? Wafuate nyuzi za katani. Uzi wa hondohondo unaning'inia, tundu halipo. Mbega amebaki bila tawi la kurukia. Kangaga imeenda na mti. Mwanga sasa unafika chini, kwa hiyo kundi la Sakafu lina habari mbaya na njema kwa pamoja: uyoga unakauka, ila mche uliokuwa unasubiri umepata punje zake. Waache wabishane. Miti huanguka yenyewe msituni, na pengo moja hujazwa. Waulize ingekuwaje kama ningetoa minne.

Watoto wadogo wengine hulia hapa. Kwa darasa la tatu, waambie kabla kwamba mti utarudi.

Wiki inayofuata kila kundi litengeneze miche ya sentimita 3 au 4, iwekwe penye pengo. Mti mkubwa urudisheni mkitaka. Darasa langu la mwisho lilikataa kuurudisha, wakasema wanataka kuona miche inakua, na kila mwezi walikuwa wakikata mipya mirefu kidogo.

## Kuutunza

Gundi ya unga ni chakula. Shule moja nilikofundisha tulifunga kwa likizo fupi, tukarudi tukakuta panya wametafuna sakafu yote ya msitu na nusu ya mizizi. Mtoto mmoja akasema ni panya buku. Kabla ya likizo shusha karatasi, izungushe kuanzia juu na miduara ikitazama nje, ifunge kwa katani na uitundike darini mbali na ukuta. Mvua za masika zikianza, sogeza msitu kutoka ukuta unaovuja, maana manila ikilowa mara moja haikunjuki tena.

Miduara ya viumbe itoe, kila mtoto aende na wake nyumbani pamoja na kadi yake. Umbo la sentimita 6 liache chini ya mti.